Kumwondoa Mwalimu wa Timu: Insafu au Kafara?

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kuona habari za mpira katika kurasa hizi, ukasema kuwa mpira ni mchezo tu, na wasioupenda wawaachie vijana. Lakini swali tunalotaka kuliangalia leo si la mpira peke yake. Ni swali la kila mahali ambapo watu wengi wameshindwa jambo, kisha wakamtafuta mtu mmoja wa kubebeshwa kushindwa kwao. Mpira unalidhihirisha tu mbele ya macho ya watu, kwa kuwa mabao huhesabiwa hadharani wala hesabu yake haifichiki. Timu ikifungwa mara ya kwanza tutasema ni bahati mbaya. Ikifungwa mara ya pili tutamlaumu mwamuzi. Ikifungwa mara ya tatu, basi mwalimu wa timu na aanze kufunga mizigo yake. Je, hii ni haki? Na kama ni haki, imethibiti kwa ushahidi gani, na nani aliyeusikiliza?

Sitaki kulijadili jambo hili kwa mbali kama mtu asiyehusika, kwani mimi mwenyewe mkono wangu umo.

Miaka mingi iliyopita, zama ambazo barabara ya kutoka Tunduma ilikuwa bado ya vumbi na mtu akisafiri kwenda Sumbawanga huagana na jamaa zake kana kwamba anavuka bahari, nilipelekwa kufundisha katika chuo kimoja huko Ufipa. Mimi mtoto wa pwani, niliyezoea joto na harufu ya chumvi, nikajikuta juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ambako mwezi wa Juni na Julai mtu hulala kwa mablanketi mawili, na asubuhi huiona pumzi yake ikimtoka kama moshi. Wenyeji walitupokea kwa wema na utulivu. Ni watu wa jembe, wenye mahindi, maharage na ulezi, na tangu zama za wazee wao wanajua kufukia nyasi ndani ya matuta ya duara hata zikaoza zikawa mbolea. Nimelitaja hili la matuta kwa sababu mwalimu wa timu yetu ya chuo alikuwa ni Mfipa, mwalimu wa kilimo, na mara nyingi aliwaambia vijana wake kuwa timu ni kama tuta: huwezi kulifukia leo ukavuna kesho. Sisi tulimcheka.

Mwaka ule timu ilicheza michezo saba bila ya kushinda hata mmoja. Tulitoka sare miwili, mitano tukafungwa, na katika hiyo mitano mmoja tulifungwa mabao sita, mbele ya wageni, siku ambayo mkuu wa chuo alikuwa amekaa kitini pembeni ya uwanja akiwa na koti lake jipya. Mwalimu yule hakuwa akilipwa chochote kwa kazi ya mpira. Alikuwa akimaliza vipindi vyake saa nane, akala alichokipata, akenda uwanjani mpaka jua linapotua. Kabla ya mchezo wa tatu aliandika barua. Aliomba mipira mitatu, kwa kuwa mmoja uliokuwapo ulikuwa umeshonwa mpaka nyuzi zimezidi ngozi; na aliomba kwamba siku za mazoezi wachezaji wapewe uji saa kumi, kwani wengi wao walikuwa wakikimbia hali ya kuwa matumbo ni matupu. Tena alieleza kwa adabu kuwa wachezaji wake sita wa kikosi cha kwanza wamepelekwa mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha, na mfungaji wake tegemeo, kijana wa Kaoze kule Bonde la Rukwa, amepangiwa shule ya mbali ambako hawezi kurudi kwa siku moja. Akauliza kama inawezekana huyo mmoja tu abadilishiwe.

Barua hiyo niliipokea mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ya michezo. Nikaitia katika jalada, nikasema nitaiwasilisha kikao kijacho. Kikao kijacho kikaahirishwa. Kisha nikasahau, na nilipokumbuka niliona haya kuitoa kwa kuwa muda ulikuwa umepita.

Baada ya mchezo wa saba mkuu alituita watu watano. Akauliza ni nani mwenye la kusema juu ya mwalimu huyu. Mmoja akasema ni mpole mno. Wa pili akasema wenzake hupiga makelele pembeni ya uwanja, yeye husimama kimya na kuandika katika kijidaftari. Wa tatu akasema wanafunzi wamekwisha kumchoka. Hakuna aliyetaja mpira wala viatu wala uji. Mimi jalada lilikuwa juu ya mapaja yangu, na barua ilikuwa ndani yake, wala sikulifungua. Kwani kulifungua ilikuwa ni kuiondoa lawama juu yake na kuileta juu yangu. Mkono wangu ukainuka pamoja na mikono mingine. Yeye mwenyewe hakuitwa. Alipewa karatasi ya mistari mitatu, na aliyempelekea alikuwa ni tarishi.

Sasa, msomaji, naomba uniruhusu nitoke kidogo nje ya njia. Jina la Sumbawanga wenyeji hulieleza kuwa maana yake ni "tupa uchawi", yaani anayeingia mji huu auache uchawi wake nje. Watu wa mikoa mingine wameligeuza jina hili likawa dhihaka, na mtu wa Sumbawanga popote aendapo hutupiwa maneno ya ungo na usiku wa manane, jambo ambalo si la insafu hata kidogo, kwani jina lenyewe ukilitazama ni la kuukataza uchawi si la kuualika. Basi katika msiba wetu ule wa michezo saba wanafunzi walianza kunong'ona kuwa lango letu limefukiwa kitu. Sisi walimu tuliwakemea. Tuliwaita barazani tukawapa darasa refu juu ya ushirikina na ujinga, na mimi ndiye niliyezungumza kwa muda mrefu kuliko wote. Wiki mbili baadaye tukakaa watu watano wenye vyeti, tukafanya lile lile tulilowakemea: tukaona msiba ambao sababu zake hatutaki kuzitazama, tukamtafuta mtu wa kuwa ndiye sababu, tukamtoa nje ya kijiji. Tofauti yetu na wanafunzi ni kwamba sisi tulikuwa na mhuri.

Hii ndiyo maana ya neno kafara nililolitia katika kichwa cha maneno haya. Mwenye kutoa kafara haulizi kama mbuzi ana kosa. Anauliza kama mbuzi yupo.

Wala haya si mambo ya vyuo vidogo vya bara peke yake. Uwanja wa Nelson Mandela ulioko Sumbawanga ulipata sifa nchi nzima tarehe 22 Oktoba 2020, pale Tanzania Prisons walipoifunga Simba, mabingwa wa nchi, bao 1-0. Siku nne baadaye Simba wakafungwa tena 1-0 na Ruvu Shooting mjini Dar es Salaam. Hapo ndipo ungezisikia redio na mabaraza ya kahawa! Kila mtu alikuwa kadhi, na hukumu ilikuwa moja: Sven Vandenbroeck, yule Mbelgiji, aondoke. Hakuondolewa. Timu ikaendelea naye, na tarehe 6 Januari 2021 ikaifunga FC Platinum ya Zimbabwe mabao 4-0 na kuingia katika hatua ya makundi ya mabingwa wa Afrika. Siku iliyofuata klabu ikatangaza kuwa imeachana naye kwa makubaliano, naye akenda zake Morocco. Mwisho wa msimu Simba walikuwa mabingwa kwa mara ya nne mfululizo. Yaani aliyekuwa akitakiwa kufukuzwa kwa kufungwa aliondoka kwa kushinda, na timu haikuanguka kwa kuondoka kwake. Ni nani awezaye kuchora mstari ulionyooka katika kisa hiki baina ya mwalimu na matokeo?

Kwa upande wa pili wa mji, Yanga, mambo yalikuwa ya kustaajabisha zaidi. Zlatko Krmpotic, Mserbia, alifika mwishoni mwa Agosti 2020. Tarehe 3 Oktoba timu yake iliifunga Coastal Union ya Tanga mabao 3-0, na siku hiyo hiyo akaachishwa kazi, bila ya kuwa amefungwa mchezo hata mmoja wa ligi. Wakasema timu haichezi mpira wa kupendeza. Akaja Cedric Kaze, Mrundi, na tarehe 7 Machi 2021, baada ya sare ya 1-1 na Polisi Tanzania, naye akaondolewa pamoja na wasaidizi wake, ilhali timu ilikuwa inaongoza msimamo. Lakini tazama kilichofuata. Mwezi wa Aprili akaajiriwa Nasreddine Nabi, Mtunisia. Na kabla ya mwaka kwisha Kaze yule yule akarejea klabuni, safari hii kama msaidizi wa Nabi. Akakubali kukaa nafasi ya pili mahali alipokuwa wa kwanza. Msimu huo wa 2021/22 Yanga wakachukua ubingwa bila ya kufungwa mchezo wowote, na msimu uliofuata wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Mtu aliyeonekana Machi kuwa hafai kitu, Oktoba alionekana kuwa ana faida. Je, elimu yake ilibadilika katika miezi ile saba? Au kilichobadilika ni jicho la wenye kumtazama?

Najua kuna atakayesema: mbona basi mara nyingi tunaona kwa macho yetu kuwa mwalimu akibadilishwa timu hushinda? Hoja hii ina nguvu, na haifai kuipita haraka. Chukua mfano wa chombo kilichokwama juu ya fungu wakati maji yamepwa. Abiria wamechoka, jua kali, wanamlaumu nahodha, wanamvua unahodha na kumweka mwingine. Saa sita zikapita, maji yakajaa, chombo kikaelea. Abiria wanapiga vigelegele: nahodha mpya ni hodari! Mtu wa pwani hawezi kudanganyika kwa hilo, kwani anajua kuwa maji yana saa zake. Lakini mpira nao una kupwa na kujaa. Timu iliyofungwa mara tano mfululizo aghlabu imekusanya pamoja udhaifu wake na bahati mbaya yake: majeruhi, mwamuzi, mwamba wa lango, ratiba ya kukutana na wakubwa. Bahati mbaya haidumu. Ikiondoka, timu hupanda, awepo mwalimu mpya au awepo yule yule.

Ukitaka kujua kama ni nahodha au ni maji, huna budi utazame chombo cha pili kilichokwama katika fungu lile lile ambacho abiria wake hawakumbadilisha nahodha. Na hivi ndivyo wataalamu walivyofanya. Mholanzi Bas ter Weel alizitazama timu za ligi ya Uholanzi kuanzia mwaka 1986 hadi 2004. Aliona kuwa kweli timu zilizomfukuza mwalimu zilipanda baadaye. Lakini alipoziweka ubavuni na timu zilizoanguka vivyo hivyo na zisimfukuze mtu, aliona kuwa hizo nazo zilipanda. Huko Marekani, ambako vyuo vikuu vinacheza mpira wao wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi na kupigana vikumbo, mbele ya watazamaji zaidi ya laki moja katika viwanja vingine, Scott Adler na wenzake wawili walichunguza miaka ya 1997 hadi 2010. Wakakuta kwamba chuo ambacho timu yake ni dhaifu kabisa hakipati faida ya kuonekana kwa kumbadilisha mwalimu mkuu, na chuo ambacho timu yake ni ya katikati, si nzuri si mbaya, kwa kumbadilisha huzidi kuharibika kuliko mwenzake aliyevumilia. Na pamoja na elimu hiyo kuwapo, Novemba 2023 chuo cha Texas A&M kilimwachisha mwalimu wake Jimbo Fisher, na kwa mujibu wa mkataba kikabaki na deni lake la zaidi ya dola milioni 75, ujira wa kutofanya kazi. Fikiri, msomaji: chuo, mahali pa elimu, kinatoa mali yote hiyo ili mtu asifundishe! Hata hivyo, katika jambo hili Wamarekani wametutangulia kwa moja, nalo ni kuwa walau mkataba wao wanautimiza. Sisi huku mtu hufukuzwa kwa simu, na stahili yake huifuatilia mpaka viatu vikaisha nyayo, ilhali tumefunzwa kuwa mfanya kazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na kuwa ahadi tuliyoifunga kwa khiari yetu tutaulizwa juu yake.

Lakini nisije nikaonekana kuwa nasema mwalimu asiondolewe kabisa. La, hasha. Uongozi wa timu ni amana, na amana hupewa aiwezaye. Kumwacha mtu asiyeweza katika nafasi yake kwa sababu ya kumwonea haya, au kwa kuwa ni ndugu wa mwenyekiti, ni kuwadhulumu wachezaji ishirini na tano kwa ajili ya mmoja, na umri wa mchezaji ni mfupi kama msimu wa embe. Kuna mwalimu anayewatukana vijana hata wakavunjika moyo. Kuna anayepanga kikosi kwa kupewa kitu mkononi. Kuna ambaye si mwovu, ila elimu yake imefika mwisho, na kila mtu anaona isipokuwa yeye. Hawa kuwaondoa ni wajibu, na atakayesita atakuwa mshirika wao.

Na mabadiliko pia huweza kuleta kheri ya kweli. Januari 2024, katika mashindano ya Mataifa ya Afrika kule Ivory Coast, Taifa Stars ilifungwa na Morocco mabao 3-0 katika mchezo wa kwanza. Mwalimu wake, Adel Amrouche, alikuwa ametoa maneno juu ya Morocco yaliyowafanya wakubwa wa mpira wa Afrika wamfungie michezo minane, na shirikisho letu likamsimamisha. Timu akapewa Hemed Suleiman, Mzanzibari tunayemjua kwa jina la Morocco, na hapo ndipo watu wakacheka kuwa Morocco ametufunga na Morocco atatuokoa. Akatoka sare na Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Novemba ya mwaka huo akaifunga Guinea 1-0 mjini Dar es Salaam na kuipeleka nchi katika mashindano yaliyofuata. Angalia lakini kuwa Amrouche hakuondolewa kwa mabao matatu. Aliondolewa kwa kosa lililojulikana, lililotajwa, lenye kanuni yake. Naye Hemed mwenyewe, aliyetufikisha, Novemba 2025 aliambiwa basi, mwezi mmoja kabla ya mashindano aliyoyafuzu, na nafasi yake akapewa Miguel Gamondi. Wenye kulitetea jambo hilo wana hoja zao, na mimi sikuwamo katika kikao chao. Nilichokuwa nikikitafuta katika magazeti ni jambo moja tu, kosa lake, na sikuliona.

Basi mizani iko wapi? Katika tarikh yetu kuna kisa ambacho kila nikikisoma nakiona kama kilikuwa kikisubiri kamati yetu ya Sumbawanga. Saad bin Abi Waqqas, aliyeshinda vita vya Qadisiyya na kuujenga mji wa Kufa, alikuwa mtawala wake katika ukhalifa wa Sayyidna Umar. Baadhi ya watu wa Kufa wakamshitaki, na mashitaka yao yakafika mpaka kusema kuwa hata kuswalisha hajui. Umar alifanya nini? Kwanza alimwita mshitakiwa na kumweleza anayosemwa, akayasikia majibu yake kwa masikio yake mwenyewe. Pili alituma watu kwenda Kufa, wakapita msikiti baada ya msikiti wakiuliza. Kila walipouliza walisikia sifa njema, isipokuwa mahali pamoja ambapo mtu mmoja aliinuka akamtia aibu. Tatu, pamoja na hayo yote, Umar alimwondoa, kwa kuwa aliona maslaha ya mji yanataka utulivu. Na la nne ndilo ambalo sisi hatulifanyi kamwe: alipokuwa amelala kwa jeraha lake la mauti, alimtaja Saad miongoni mwa watu sita wa kushauriana juu ya ukhalifa, na akaweka wazi mbele ya watu kuwa hakumwondoa Kufa kwa kushindwa kazi wala kwa khiana.

Tazama jinsi mambo haya yalivyotenganishwa. Kuondolewa ni jambo moja, na kulaumiwa ni jambo jingine. Mtu huweza kuondolewa kwa maslaha ya wengi na jina lake likabaki safi, sharti aliyemwondoa awe na ujasiri wa kulisema hilo kwa kinywa chake. Sisi huvichanganya viwili hivi kwa makusudi, kwa sababu tukisema "tumekuondoa lakini huna kosa", watu watauliza: basi kosa ni la nani? Na swali hilo halipendwi na aliyekalia fedha za mipira, wala na aliyepanga ratiba ya mazoezi ya kufundisha, wala na katibu mwenye barua ndani ya jalada.

Hapa naona ndipo penye kiini cha jambo. Anayehukumu kushindwa kwa timu karibu kila mara ni miongoni mwa waliosababisha kushindwa huko. Mwenyekiti aliyenunua wachezaji wasiohitajika ndiye anayemfukuza mwalimu kwa kushindwa kuwatumia. Katika mahakama yoyote ile hakimu mwenye maslaha katika kesi hujitoa. Katika mpira hakimu huyo huyo hupiga muhuri. Ndiyo maana naona kuwa kabla ya kuuliza "mwalimu amefanya nini?", kamati yoyote iulizane yenyewe kwanza: tulimpa alichokiomba? Swali hili ni dogo na jibu lake huwa katika makaratasi, wala halihitaji utaalamu wa mpira.

Mwalimu mpya tuliyemleta chuoni alikuwa kijana kutoka Mbeya, mwenye firimbi na suti ya michezo. Alishinda michezo yake miwili ya kwanza na tukapongezana. Ikumbukwe tu kwamba wakati ule wachezaji sita walikuwa wamekwisha kurudi kutoka mashuleni, na mkuu kwa furaha ya mwalimu mpya alikuwa amenunua mipira minne. Muhula uliofuata vijana wakaenda tena kufundisha, tukafungwa mitatu, na maneno yakaanza upya juu ya yule kijana, kuwa ana majivuno.

Nilihamishwa nikarudi pwani. Barua ile nilikuja nayo bila ya kukusudia, ndani ya makaratasi yangu, na kila nilipohama nyumba nilikutana nayo. Miaka ilipita mingi. Siku moja nilipata safari ya Sumbawanga, wakati huo barabara imekwisha kutiwa lami, nikamwulizia. Alikuwa amestaafu, ana shamba lake nje kidogo ya mji, na jioni huwafundisha watoto wa mtaani mpira katika kiwanja kilicho nyuma ya nyumba yake. Nilimkuta hapo hapo, amesimama kimya pembeni, na kijidaftari mkononi.

Tukasalimiana, tukaulizana hali za watoto. Kisha nikaitoa barua nikampa. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Tunduma, lakini yote yakanipotea. Akavaa miwani, akaisoma yote polepole, mpaka kwenye sahihi yake. Akauliza, "Mwalimu, hii ilikufikia lini?"

Nikamwambia, "Kabla ya mchezo wa tatu."

Akaikunja, akaitia katika mfuko wa shati. Akatazama kiwanjani, ambako mtoto mmoja alikuwa ameupiga mpira ukaingia katika mahindi na wenzake wote wamesimama wakingoja autoe. "Yule wa Kaoze," akasema, "siku hizi ni mwalimu mkuu." Halafu akamwita mjukuu wake atuletee uji.